Alama za Pakiti, Mapishi ya Kiwanda

Kwa miaka kadhaa kopo la Milo katika maduka ya Australia lilibeba nyota nne na nusu kati ya tano. Nyota hizo ni za mfumo wa serikali za Australia na New Zealand ulioanza mwaka 2014, unaomwonyesha mnunuzi, mbele ya pakiti, chakula kipi ni bora kuliko kingine. Unga wenyewe uliomo koponi, ambao karibu nusu yake ni sukari za aina mbalimbali, ungepata nyota moja na nusu tu. Nestlé, mtengenezaji wa Milo, ilizipata zile nne na nusu kwa kuhesabu vijiko vitatu vya Milo vilivyokorogwa katika glasi ya maziwa yaliyotolewa mafuta. Kanuni za wakati huo ziliruhusu. Watetezi wa walaji walipiga kelele, na mwaka 2018 kampuni ikaziondoa nyota zake.

Kisa hiki kinafaa kusimuliwa Afrika Mashariki, ambako Milo hukorogwa kwa maziwa yenye mafuta yake yote na si ajabu mtu akaongeza sukari juu ya sukari. Kinafaa zaidi kwa sababu kinafichua mambo mawili kwa mpigo. Kampuni kubwa kuliko nyingi duniani iliijali alama ya pakiti kiasi cha kuitafutia upenyo, na upenyo ulikuwapo kwa sababu waliotunga kanuni waliuacha wazi.

Kazi inayozaa alama za namna hiyo huitwa upimaji wa vyakula kwa virutubisho. Shirika la Afya Duniani (WHO) huieleza kuwa ni sayansi ya kuvipanga vyakula kwa kutazama virutubisho vilivyomo, kwa nia ya kuzuia maradhi na kulinda afya. Kwa lugha ya dukani ni hivi: badala ya kumwachia mtengenezaji aandike "asili" au "yenye vitamini" upande wa mbele na kuficha sukari nyuma kwa herufi za kutafuta kwa miwani, chakula kinapitishwa kwenye hesabu moja iliyo sawa kwa wote, nayo inatoa hukumu.

Hesabu iliyozaa nyingine nyingi ilitungwa Uingereza mnamo 2004 na 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Mike Rayner. Kuanzia 2007 Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo, iliitumia kuamua ni vyakula gani visitangazwe katika vipindi vya televisheni vya watoto. Mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Tuseme kuna biskuti ambayo kila gramu 100 zake zina nishati ya kilojuli 2000, gramu 8.5 za mafuta yaliyoshiba (yale yenye tabia ya kuganda, kama ya siagi), gramu 25 za sukari na miligramu 300 za sodiamu. Nishati inaipa pointi 5, mafuta 8, sukari 5, sodiamu 3. Jumla ni 21, na zote ni pointi za lawama. Kisha zinatafutwa za kupunguzia. Nyuzinyuzi gramu 2 zinapunguza pointi 2. Protini gramu 6 zingepunguza 3, lakini hapo pana kufuli: chakula chenye pointi 11 au zaidi za lawama hakiruhusiwi kujitetea kwa protini, ila kiwe kimejaa matunda, mboga au jamii ya karanga. Biskuti inabaki na 19. Chakula kinachofikia 4 tayari kimeshindwa.

Kufuli hilo ni dogo kwa kulitazama, lakini bila hilo kiwanda kingenyunyiza unga wa soya au wa maziwa kwenye biskuti ileile na kudai imekuwa chakula cha afya. Kila kanuni katika hesabu hizi, ambazo pia huitwa vielelezo vya virutubisho, imewekwa kwa sababu kuna mtu aliyefikiria jinsi ya kuikwepa.

Ufaransa iliichukua hesabu ya Uingereza, ikairekebisha kupitia timu ya Profesa Serge Hercberg, na mwaka 2017 ikatoa Nutri-Score: herufi tano, kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu. Ubelgiji, Ujerumani, Uhispania, Uholanzi, Luxembourg na Uswisi zikafuata. Italia ikakataa katakata, ikihofia jibini na mafuta yake ya zeituni yataonekana sumu kando ya soda ya dayati. Hofu hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwani toleo la mwanzo liliyapa mafuta ya zeituni alama ya D, na marekebisho ya baadaye yakayapandisha hadi B. Lakini mgogoro uligeuka wa kisiasa. Tume ya Ulaya ilikuwa imeahidi mwaka 2020 kuleta pendekezo la lebo moja ya lazima kwa Umoja mzima kabla ya mwisho wa 2022. Tarehe ilipita, lebo haikuja. Nutri-Score imebaki ya hiari, na hiari ina tabia zake. Danone ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuiunga mkono. Hesabu ilipofanywa kali zaidi na maziwa ya kunywa yakahamishiwa kundi la vinywaji, mwaka 2024 ikatangaza kuiondoa alama hiyo kwenye mtindi wake wa kunywa.

Chile haikungoja hiari ya mtu.

Sheria namba 20.606 ilipitishwa mwaka 2012 baada ya miaka ya mvutano ulioongozwa na seneta Guido Girardi, ambaye ni daktari, na ilianza kutumika Juni 2016. Haina nyota wala herufi. Chakula kilichoongezewa sukari, chumvi au mafuta kikivuka ukomo kinagongwa muhuri mweusi wa pembe nane mbele ya pakiti, wenye maneno machache yasiyo na simile: kina sukari nyingi, kina sodiamu nyingi, kina mafuta yaliyoshiba mengi, kina kalori nyingi. Ukomo ulikazwa kwa awamu tatu ili viwanda visiseme vimeviziwa. Kufikia 2019, kwa chakula kigumu ulikuwa gramu 10 za sukari, gramu 4 za mafuta yaliyoshiba, miligramu 400 za sodiamu au kalori 275 katika kila gramu 100. Na muhuri hauji peke yake. Bidhaa yenye muhuri hata mmoja haiuzwi shuleni, haitangazwi kwa watoto wa chini ya miaka 14, wala hairuhusiwi kuwavuta kwa vikatuni na vichezeo. Ndiyo maana simbamarara wa Kellogg's alifutwa kwenye maboksi ya nafaka zake, na yai la Kinder lenye kichezeo ndani likatoweka madukani.

Hapo ndipo ulipo uhodari wa Chile: hesabu moja inatumika kwa lebo, kwa shule na kwa matangazo. Mwenye kiwanda anayetaka kuingia shuleni hawezi kujadiliana na wizara ya elimu huku akibembeleza ya afya, kwa sababu mlango ni mmoja. Watafiti waliochunguza manunuzi ya kaya waliona kuwa katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, ununuzi wa vinywaji vyenye muhuri ulishuka kwa asilimia 23.7. Lakini tarakimu inayostahili kutazamwa zaidi ni nyingine. Kabla ya sheria, asilimia 51 ya bidhaa zilizochunguzwa zingestahili angalau muhuri mmoja. Baada ya awamu ya kwanza zilikuwa asilimia 44. Ina maana kuna bidhaa zilizobadilishiwa mapishi, na mtu asiyejua kusoma, asiyejali lebo, au mtoto aliyetumwa dukani, alikula sukari na chumvi pungufu bila kuambiwa.

Mjadala mwingi kuhusu lebo huulizia kama mnunuzi anaziona, anazielewa, anazifuata. Ni maswali halali, ila msomaji mkuu wa alama ya pakiti ni fundi wa mapishi wa kiwanda na bosi wake wa mauzo. Hao huisoma kabla haijachapwa.

Uingereza ilithibitisha jambo hilo kwa kodi. Machi 2016 serikali ilitangaza kodi ya sukari, na kuanzia Aprili 2018 vinywaji vyenye sukari ya gramu 5 au zaidi katika mililita 100 vikatozwa peni 18 kwa lita, na vyenye gramu 8 au zaidi peni 24. Kodi ilipoanza, zaidi ya nusu ya watengenezaji walikuwa wameshapunguza sukari. Irn-Bru, soda ambayo Waskoti huipenda kama kitambulisho chao, ilishushwa kutoka gramu 10.3 hadi 4.7, na mashabiki wakajaza stoo makasha ya ile ya zamani. Angalia hiyo 4.7: imesimama chini ya mstari kama mtu aliyejibanza ukingoni mwa kibaraza mvua ikinyesha. Ukomo ukiwekwa 5, soda zinarundikana karibu na 5, na ungewekwa 3 huenda zingerundikana karibu na 3. Kwa hiyo ugomvi wa kweli kati ya wizara na viwanda huwa juu ya namba, hata pale unapovalishwa nguo ya uhuru wa mlaji.

Chumvi nayo ina historia yake. Tangu 2003 Uingereza ilisukuma viwanda vipunguze chumvi kidogokidogo, kwa malengo ya kila aina ya chakula, mkate ukiwa mbele. Mwaka 2001 Mwingereza mzima alikula wastani wa gramu 9.5 kwa siku, na kufikia 2011 zilikuwa 8.1. Bado ni juu ya gramu 5 zinazoshauriwa na WHO, lakini watu hawakuandamana kwa sababu mkate umepooza, maana ulimi huzoea upungufu unaokuja polepole. Afrika Kusini iliamua kutopoteza muda na ahadi za hiari. Kanuni zake za 2013 ziliweka ukomo wa kisheria wa sodiamu katika mkate, siagi ya mimea, krispi, supu za unga na vyakula vingine. Kwa mkate ilikuwa miligramu 400 katika gramu 100 kuanzia katikati ya 2016, kisha 380 kuanzia 2019. Mwokaji wa Johannesburg hana haja ya kuhofia kuwa mwenzake wa Durban atauza mkate mtamu zaidi kwa chumvi ileile ya zamani.

Hesabu hizi zina mipaka, na wanaozipigia debe wasiifiche. Hupima kilichomo, hazipimi jinsi chakula kilivyotengenezwa. Profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Brazili wamesisitiza tangu 2009 kuwa uchakataji wenyewe ni tatizo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall wa Marekani aliwalaza watu 20 katika wodi ya utafiti, akawapa wiki mbili za vyakula vilivyochakatwa kupita kiasi na wiki mbili za vyakula vya kawaida. Vyakula vilivyotengwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na sodiamu, kila mtu akala atakacho. Kwenye vyakula vilivyochakatwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Kielelezo cha virutubisho peke yake kisingeiona tofauti hiyo.

Tena kiwanda kinachofukuzwa kwenye sukari hukimbilia vitamu bandia. Chile iliona matumizi yake yakipanda baada ya sheria, na soda isiyo na sukari haipati muhuri hata mmoja. Meksiko, iliyoanza mihuri yake Oktoba 2020, ilijifunza kwa Chile: iliongeza onyo kwamba bidhaa ina vitamu au kafeini na haifai kwa watoto. Ni kiraka, lakini kiraka chenye akili.

Kinachouma zaidi ni kwamba kampuni moja hupika kwa mapishi tofauti kulingana na ukali wa sheria za nchi. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, lilichunguza Cerelac, uji wa watoto wachanga wa Nestlé, zinazouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, likakuta karibu zote zimeongezwa sukari, wastani wa takriban gramu 4 kwa mlo mmoja. Uswisi, nyumbani kwa Nestlé, bidhaa za kampuni hiyo za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa bila sukari ya kuongezwa. Nestlé ilijibu kuwa inafuata sheria za kila nchi. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalotoa hoja nzima: ikiwa mtoto wa Addis Ababa analindwa na sheria dhaifu kuliko wa Zurich, basi sheria ndiyo ya kurekebishwa. Mwaka huohuo taasisi ya Access to Nutrition ilipima kwa nyota zilezile za Australia bidhaa za kampuni 30 kubwa za chakula. Katika nchi tajiri wastani ulikuwa nyota 2.3, katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati ulikuwa 1.8. Kote ni kufeli, lakini maskini wanauziwa kilichofeli zaidi.

Afrika Mashariki inaingia katika mjadala huu ikiwa na mizigo miwili begani. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tanzania, mwaka huohuo, udumavu ulikuwa asilimia 30. Nyumba moja yaweza kuwa na mama mwenye presha na mtoto asiyekua. Muhuri wa "kalori nyingi" kwenye siagi ya karanga unaweza kumsaidia mama na kumnyima mtoto. Kwa hiyo vyakula vya watoto wachanga vinahitaji hesabu yao wenyewe, na mfano upo: mwaka 2022 ofisi ya WHO ya Ulaya ilitoa kielelezo maalumu cha vyakula vya watoto wa miezi 6 hadi 36.

Kwa vyakula vya wote, ofisi ya WHO ya Afrika ilishatoa kielelezo cha kanda mwaka 2019, kilichokusudiwa hasa kudhibiti matangazo yanayolenga watoto. Afrika Kusini ilichapisha Januari 2023 rasimu ya kanuni za maonyo ya pembetatu nyeusi mbele ya pakiti. Kenya nayo imeandaa kielelezo chake, kazi ambayo Wizara ya Afya imeifanya pamoja na watafiti. Kielelezo kwenye makabati ya wizara, hata hivyo, hakimpunguzii mtu sukari. Kinapata meno pale viwango vya lazima vinapokitaja, na kwa upande wa Kenya hilo ni eneo la shirika la viwango, KEBS. Tanzania kazi ya usalama wa chakula ilihamishiwa TBS, shirika la viwango la nchi hiyo, mwaka 2019, jambo ambalo lingeweza kurahisisha mambo: anayeandika kiwango cha biskuti na anayeikagua dukani ni mmoja.

Kuna wanaosema mihuri ni anasa ya nchi zenye supamaketi, kwamba hapa sukari hupimiwa dukani, mafuta hununuliwa kwa vipimo, na maandazi na chipsi mayai havina pakiti ya kugongwa muhuri. Hoja hiyo ina uzito nusu. Mamalishe haguswi na lebo. Lakini unga wa ngano, siagi ya mimea, vikolezo vya mchuzi, soda na krispi za shilingi chache hutoka viwandani, na viwanda hivyo si vingi. Eneo hili limewahi kuvibana na vikabanika: Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 zililazimisha unga na mafuta ya kula ya viwandani kuongezwa virutubisho, na chumvi imekuwa ikitiwa madini joto kwa muda mrefu zaidi. Kama sheria inaweza kuamuru kiingie nini katika unga, inashindwaje kuamuru sodiamu isizidi kiasi gani katika kikolezo?

Hofu nyingine ni ya vyakula vya asili. Pakiti ya tui la nazi ingevuka ukomo wowote wa mafuta yaliyoshiba, na si rahisi kumshawishi mtu wa Lamu au Tanga kwamba wali wake unastahili pembe nane nyeusi. Chile ilishalijibu hili: isipoongezwa sukari, chumvi wala mafuta, bidhaa haiguswi. Tui tupu lingepita salama. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi wangekuwa mjadala mwingine, na huo ni mjadala wa haki kufanywa.

Kinachoweza kufanyika mapema zaidi ni kodi. Kenya na Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi kwa lita. Soda yenye gramu 11 za sukari katika mililita 100 na ile yenye gramu 4 hulipa mamoja zikiwa katika kundi moja, kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kushusha hata chembe. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola huwa na zaidi ya gramu 30, sawa na vijiko vya chai saba hadi nane. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 hutoza kwa kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100. Kubadilisha kipimo kutoka lita kwenda gramu hakuhitaji wizara mpya wala kampeni ya redio, kunahitaji mistari michache katika muswada wa fedha, na mabunge yote mawili hupitia muswada huo kila mwaka.

Kisha zije lebo, na ziwe za Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Biskuti za Nairobi zinauzwa Arusha, vinywaji vya Dar es Salaam vinavuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda, na Jumuiya tayari ina kiwango chake cha uandishi wa lebo za vyakula vilivyofungashwa. Nchi moja ikigonga mihuri peke yake, viwanda vyake vitalalamika kuwa vinaonewa na majirani, na mara hii malalamiko yatakuwa na msingi.

Wakati hayo yakingojewa, mnunuzi anaweza kutumia kipimo cha Uingereza cha rangi za taa za barabarani. Geuza pakiti, tafuta safu ya gramu 100, usidanganywe na ile ya "kwa mlo", ambayo mtengenezaji hujichagulia ukubwa wake. Sukari ikizidi gramu 22.5 ni nyingi, 5 kushuka chini ni kidogo. Mafuta yaliyoshiba zaidi ya gramu 5 ni mengi, 1.5 kushuka chini ni machache. Chumvi zaidi ya gramu 1.5 ni nyingi, na 0.3 kushuka chini ni kidogo. Pakiti ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5.